Mgeni Aliye Tumboni

Kuna tone moja la mafuta ambalo limekataa kunitoka akilini. Limo katika filamu ya Titane, ya Mfaransa Julia Ducournau. Msichana aitwaye Alexia ana mimba anayoificha, na kwenye titi lake, pale ambapo mwili wa mama umezoea kutoa maziwa, panatokeza mafuta meusi ya injini, mazito, yanayong'aa. Kamera haigeuzi uso. Tunayatazama yakichuruzika na tunajua, kabla hatujaambiwa, kwamba kilichomo tumboni mle si cha ukoo wetu. Utotoni Alexia alipata ajali ya gari, madaktari wakamfunga bamba la titani kwenye fuvu. Ukubwani akalala na gari, na gari likamtia mimba. Ameua watu, anasakwa, na ili ajiokoe anakata nywele, anajivunja pua, anajifunga kifua na tumbo kwa bandeji, kisha anajitokeza kama Adrien, mvulana aliyepotea miaka mingi nyuma, mwana wa kamanda wa zimamoto aitwaye Vincent. Baba anampokea. Chini ya bandeji mimba inazidi kukua, ngozi inachanika, na ndani ya mpasuko kinaonekana chuma. Julai 2021 majaji wa Cannes, wakiongozwa na Spike Lee, waliipa filamu hii Palme d'Or. Kabla ya Ducournau, mwanamke aliyewahi kuipata tuzo hiyo kwa filamu yake ni Jane Campion, mwaka 1993. Mama wa Ducournau ni daktari wa magonjwa ya wanawake na baba yake ni daktari wa ngozi. Ukishajua hilo, huulizi tena kwa nini jicho la filamu hii halitetemeki mbele ya ngozi iliyofunguka.

Tuliitazama Kisangani, sebuleni, kwenye kompyuta, sauti yake ikishindana na jenereta ya jirani. Wanaume walianza kutoka mmoja mmoja, kila mtu na sababu yake, na mlangoni wakawa wanasema hiyo ni kazi ya shetani. Aliyebaki hadi mwisho, mikono ameifumbata kifuani, ni mama mmoja wa makamo, mzaliwa wa Yahuma, aliyezaa, akazika, akawazalisha na wenzake. Alexia anakufa akijifungua. Yule baba anabaki na kitoto chenye uti wa mgongo wa chuma, anakilaza kifuani pake, anakibembeleza. Hapo mama akaniuliza: "Sasa huyo mtoto, mwanangu, nani atampaka mafuta?" Nikamwambia, "Mama, hiyo ni sinema tu." Akasema, "Hata kama ni sinema. Ametoka tumboni, yuko hai. Hawezi kulala hivyo hivyo."

Mafuta aliyokuwa akiyasema ni mawese. Yahuma ni nchi ya msitu na michikichi. Ukitoka Kisangani unateremka na mto, kisha unaacha maji na kushika njia za pikipiki zinazoingia chini ya miti, na kila kijiji unachopita kina mahali pake pa kukamulia. Mashada hukatwa juu kwa panga, ngazi, yaani punje za mchikichi, huchambuliwa na kuchemshwa ndani ya pipa, hutwangwa, nyuzi hukamuliwa, hadi mafuta mekundu yaelee juu ya maji na kuenguliwa polepole. Harufu yake haitoki upesi kwenye nguo. Ndiyo ya kupikia sombe, yaani majani ya muhogo, ndiyo ya kulainisha visigino vilivyopasuka, na ndiyo anayopakwa mtoto mchanga: utosini, kwenye mikunjo ya shingo, kwapani, nyuma ya magoti, katikati ya vidole. Mkono wa bibi unaopaka ndio unaokagua. Unapita mgongoni kuona kama umenyooka, unagusa kitovu kama kimefungwa vizuri, unahesabu vidole, unasimama palipo na alama, unarudi tena juu ya alama ile, kisha unaendelea. Mtoto huingia katika watu kwa njia ya mkono ule. Bibi ameona kila kitu, kilichopungua na kilichozidi, na bado ameendelea kupaka.

Lakini mafuta hayo hayo yana historia nyingine, na ndiyo iliyonifanya nilitazame tone jeusi la Alexia kwa muda mrefu kuliko walivyolitazama wengine. Mwaka 1911 William Lever, tajiri wa sabuni wa Uingereza, alifunga mkataba na serikali ya Ubelgiji, akapewa haki juu ya michikichi ya maeneo makubwa ya Kongo. Kimoja cha vituo vyake, kando ya mto, kiliitwa Elisabetha. Leo ni Lokutu, na mashamba yake yanaingia hadi ardhi ya Yahuma. Wanaume walisukumwa kupanda miti ambayo baba zao waliipanda kwa hiari, ili walete mashada kwa hesabu ya mtu mwingine. Kabla ya mawese kulikuwa na mpira wa Mfalme Leopold wa Ubelgiji, na katika zama hizo wanawake walishikwa mateka hadi waume zao walete vikapu vilivyojaa. Wengine walikuwa na mimba, wengine walikuwa wakinyonyesha. Basi mwili wa mwanamke uliofungwa pamoja na mashine, ukatoa mafuta mahali pa maziwa, kwangu mimi haukuwa ndoto ya ajabu ya watu wa Ulaya. Niliona humo hesabu ya zamani ambayo haijalipwa. Mafuta yaliyokuwa ya kumpaka mtoto wa hapa yalikwenda kuwa sabuni ya kumwogeshea mtoto wa huko.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimba ni mgeni anayeitimiza methali hiyo na kuikana kwa pamoja. Anakuja bila hodi. Anakula kabla mwenyeji hajala, anasukuma matumbo na mapafu apate nafasi, anachota madini ya mifupa yake mwenyewe kutoka katika mifupa ya mwingine. Damu ya mama huongezeka kwa karibu nusu ya ilivyokuwa. Ulimi hubadilika ladha, na masokoni kwetu kuna akina mama wanaouza vipande vya udongo, na wanunuzi wake wakubwa ni wajawazito. Ulinzi wa mwili, ambao kazi yake ni kufukuza kila kisicho chake, hupunguza ukali mbele ya kiumbe ambaye nusu yake ni ya mtu mwingine. Hakuna mtunzi wa filamu aliyebuni hayo. Ducournau amechukua jambo ambalo mwanamke yeyote aliyebeba mimba analijua kwa mwili wake, akalitia chuma ili na sisi wanaume tulione. Wakunga husema mjamzito ana mguu mmoja duniani na mwingine kaburini, na hawasemi hivyo kwa kupamba maneno. Katika vijiji vya Yahuma vilivyo mbali na hospitali, uchungu ukikwama usiku, mama hubebwa na vijana kwa kipoyi, yaani machela, ama hupakiwa nyuma ya pikipiki kati ya watu wawili wanaomshikilia asianguke, na barabara ni ile ile ya matope na magogo. Hiyo ndiyo safari inayonitisha. Chuma cha Alexia hakinitishi hivyo.

Nimewahi kumwona mkunga akisikiliza tumbo kwa kipembe cha mbao. Aliweka upande mpana juu ya ngozi, akalaza sikio upande mwembamba, akaachia mkono ili kipembe kibaki kimeshikwa na sikio na tumbo tu. Akafumba macho. Chumba chote kikanyamaza, na mama mwenyewe, akiangalia bati la paa, akabana pumzi asije akaziba mapigo ya mwingine. Yule mkunga hakuwa akitafuta ugonjwa peke yake. Alikuwa akiuliza swali la kwanza kabisa ambalo mtu humuuliza mgeni gizani, nani wewe, na akawa na subira ya kungoja jibu. Titane ni filamu ya watu wasiosikiliza tumbo. Alexia analipiga, analifunga, analichoma, analifichia bandeji. Hakuna mtu aliyelaza sikio hapo hadi dakika za mwisho.

Na kuna mimba ambazo ndani yake hamna mtu. Wauguzi wa Afrika Mashariki huziita mimba zabibu. Tumbo linakua haraka kuliko miezi yake, mama anatapika kupita kiasi, damu inaanza kutoka, na mwishowe hutoka punje punje zenye maji, vishada kwa vishada, wala hakuna mtoto. Mwanamke aliyeviona vishada hivyo ndani ya beseni hahitaji kuonyeshwa filamu ya kutisha. Nje ya mlango majirani wamekwisha kupata maelezo: amelogwa, ameingiliwa na jini, amekula cha watu usiku. Mama mkwe anakaa kimya, na ukimya wake ni hukumu. Sayansi ina neno hapa ambalo ningependa lisomwe kwa sauti katika kila wodi ya wazazi: katika mimba zabibu iliyo kamili, kromosomu zote zimetoka kwa baba. Yai la mama lilikuwa halina kiini. Yule anayesutwa, anayerudishwa kwao, anayefanyiwa maombi ya kufukuza pepo hadi sauti inakauka, hana kromosomu yake hata moja katika kile kilichotoka. Sisemi hivyo ili sasa tumgeukie mume tumsute yeye; naye hakufanya kosa lolote. Nasema kwa sababu mwanamke huyo anahitaji kufuatiliwa kwa vipimo vya damu kwa miezi, maana mabaki yanaweza kugeuka saratani, na saratani hiyo ni miongoni mwa zile zinazosikia dawa vizuri mno. Akifukuzwa nyumbani kwa aibu hafuatiliwi. Hapo kinachomuua ni maneno ya watu.

Lakini katika misitu yetu hofu ya tumbo lililojaa haikuwahi kuwa kubwa kuliko hofu ya tumbo tupu. Katika miaka ya 1950 wataalamu wa takwimu za watu, Anatole Romaniuk akiwa mmoja wao, walikuta katika sehemu za kaskazini na katikati ya Kongo, Tshuapa iliyo jirani na Yahuma ikiwemo, wanawake wengi waliomaliza umri wa kuzaa bila kupata mtoto hata mmoja. Magonjwa ya zinaa, kisonono hasa, yalikuwa yamefunga njia za uzazi, na magonjwa hayo yalikuwa yametembea pamoja na askari, wachuuzi na kambi za kazi. Fikiria kijiji ambacho sauti ya mtoto mchanga ni habari. Fikiria mawese yaliyokamuliwa, yakatulia ndani ya chupa, na hakuna wa kupakwa. Mama yule wa Yahuma alikuwa amesimuliwa zama hizo na bibi yake, na naamini swali lake lilitoka huko. Anayetoka katika ukoo ulioomba mtoto kwa machozi hatishwi upesi na rangi ya mgongo wa mtoto.

Kuzaa kwenyewe kulihamishwa taratibu kutoka mkono wa bibi hadi kitanda cha hospitali. Yakusu, mwendo mfupi ukiteremka mto kutoka Kisangani, wamisionari Wabaptisti wa Uingereza walikuwa na kituo tangu mwisho wa karne ya 19, na daktari Clement Chesterman alipofika mwaka 1920 alianza kujenga huduma ambayo baadaye ilifundisha wauguzi wa eneo zima la mto. Mwanahistoria Nancy Rose Hunt alikiandikia kuzaa kwa watu wa Yakusu kitabu kizima, kikatoka mwaka 1999, na ndani yake unaona jinsi watu walivyopima kila chombo kipya, kila mkasi, kila kitanda, kwa hofu waliyokuwa nayo tayari juu ya wageni waliokuja kuchukua. Hofu ile haikuwa ujinga. Watu waliokwisha kupoteza mikono, mpira, mawese na vijana wao walikuwa na haki ya kuuliza mkono huu mpya unataka nini tumboni mwa binti yao.

Ng'ambo ya mto, kaskazini-magharibi, upande wa Bumba, kuna Yambuku. Hospitali yake ilikuwa ya misheni ya Kikatoliki, watawa wake walitoka Ubelgiji, na watu walikuja kutoka mbali kwa sababu palikuwa na dawa. Mwaka 1976 kila asubuhi wauguzi walipewa sindano tano za kutumia siku nzima. Baada ya mgonjwa mmoja sindano ilisuuzwa katika maji ya uvuguvugu, ikaenda kwa mwingine. Wajawazito walikuja siku ya kupima mimba, wakapanga foleni, wakachomwa vitamini kwa ajili ya nguvu. Septemba ya mwaka ule virusi ambavyo dunia ilikuwa haijavipa jina vilipanda sindano zile. Watu 318 waliugua, 280 wakafa. Kati yao walikuwemo wajawazito 82, na 73 walikufa. Waliopata ugonjwa kwa sindano peke yake hakupona hata mmoja. Ugonjwa ukapewa jina la mto wa jirani, Ebola, na hospitali ikafungwa kwa kuwa wengi wa wafanyakazi wake walikuwa wamekwisha kufa.

Ninaporudi kwenye picha hiyo, foleni ya wanawake wenye matumbo chini ya kibaraza, vitenge vyao vya kwenda kuonekana mbele ya watu, sindano ikisuuzwa, huwa nakosa pa kuiweka hasira yangu. Muuguzi alikusudia mema. Watawa walikufa pamoja na watu wao. Kinachobaki ni umaskini uliogeuza sindano tano kuwa sindano za kutosha, na mazoea yaliyoamua kwamba kwa watu hawa maji ya uvuguvugu yanatosha. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, husema methali. La Yambuku halikutujua. Wala halikuanzia tumboni. Liliingizwa humo na mkono uliokuja kusaidia. Kikwit, mwaka 1995, kati ya wajawazito 15 waliougua Ebola 14 walikufa. Tangu hapo maji ya uzazi, yale ambayo bibi aliyapangusa kwa kiganja kitupu, yakawa kitu cha kukimbiwa, na mkunga aliyemkimbilia mama akawa anauliza kwanza ametoka kijiji gani.

Sinema ya mbali ililiona hilo ikalichukua. Mwaka 1995, mwaka ule ule wa Kikwit, Marekani ilitoa Outbreak, filamu inayofungua kwa kambi katika msitu wa Zaire, kando ya mto wa kubuni, na kutoka hapo ugonjwa unasafiri kwenda kuutisha mji mdogo wa California. Nchi nzima ikafanywa tumbo linalozaa zimwi. Waliokufa Yambuku hawana sura katika filamu ya namna hiyo. Wao ni mahali ambapo jambo limeanzia. Na si mara ya kwanza mwili wetu kuazimwa kwa kazi hiyo. Alien, ya mwaka 1979, ni mama wa filamu nyingi za mimba ya kutisha, na ndani yake anayetiwa mimba ni mwanamume: kiumbe kinapasua kifua cha John Hurt mezani mbele ya wenzake. Kiumbe kile kilipokua, aliyekivaa ni Bolaji Badejo, kijana wa Kinigeria aliyekuwa akisomea sanaa London, mrefu kupita mita mbili, mwenye viungo vyembamba ambavyo watengenezaji walikuwa wamevitafuta wasivipate. Dunia iliogopa mwendo wake bila kuuona uso wake. Alikufa Lagos mwaka 1992, hajafika miaka 40, kwa selimundu, ugonjwa ambao mtoto hurithi kwa wazazi wote wawili, ugonjwa unaowachukua watoto wengi wa mkoa wetu wa Tshopo vile vile. Huwa namfikiria akivua lile vazi jioni, anakunja mikono yake mirefu, anapanda basi kurudi nyumbani, mwana wa mtu.

Mwaka 2023 Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi aliyelelewa Ubelgiji, alipeleka Cannes filamu yake Augure na kupata tuzo ya sauti mpya katika kitengo cha Un Certain Regard. Mhusika wake mkuu, Koffi, ana alama ya kuzaliwa usoni. Utotoni aliitwa zabolo, mtoto wa shetani, akaondolewa nyumbani. Anarudi Kongo mtu mzima, ana mchumba Mzungu mwenye mimba ya mapacha, ana mahari mkononi, anataka baraka tu. Anampokea mikononi mtoto mchanga wa dada yake, na hapo hapo pua yake inatoka damu, tone linaangukia uso wa mtoto. Basi. Shughuli nzima inageuka. Wanamng'ang'ania mtoto, wanamshika Koffi, wanampeleka kutakaswa, na mama yake mzazi hamtazami usoni. Niliziweka filamu hizi mbili pamoja katika mawazo yangu na sijaweza kuzitenganisha. Katika moja, mtu asiye na damu yoyote na mtoto anampokea mtoto aliyezaliwa na gari na muuaji, anamlaza kifuani. Katika nyingine, mtu aliyezaliwa kwa watu wake mwenyewe anakataliwa kwa sababu ya alama ambayo mkono wa bibi ungeipaka mafuta na kuendelea.

Lugha yetu imebeba pande zote mbili. Inasema mtoto wa nyoka ni nyoka, na inasema kitanda hakizai haramu. Nimesikia methali hizi mbili zikitolewa katika kikao kimoja cha ukoo, na wazee wale wale wakazitikisia kichwa zote. Lakini haziwezi kutawala pamoja. Ya kwanza inamtazama mtoto na kuuliza alikotoka. Ya pili inakitazama kitanda, yaani nyumba, na kuitwisha mzigo: aliyezaliwa humu ni wa humu, basi mpeni jina. Mimi nimechagua ya pili, na sioni haya kusema kwamba ya kwanza imeua watoto. Katika miji yetu, Kisangani ikiwemo, wapo wanaolala sokoni kwa sababu walizaliwa miguu ikitangulia, au wana kifafa, au ngozi yao haina rangi, au mama alikufa akiwazaa na mtu mmoja tu akasema kwa sauti kwamba wamemla. Hao ndio watoto wa chuma wa kwetu. Wana uti wa mgongo wa mfupa, wanaumwa na baridi.

Ebola iliporudi na kukaa Kivu Kaskazini na Ituri, kuanzia Agosti 2018 hadi Juni 2020, watu 3,470 waliugua na 2,287 wakafa. Mwanzoni hata chanjo iliwapita wajawazito. Wataalamu waliogopa kulichoma tumbo wasilolijua, na wanawake wenye mimba waliachwa wakiwaona wenzao wanachanjwa, hadi mwaka 2019 ilipokubaliwa nao wapewe. Profesa Jean-Jacques Muyembe, ambaye ujanani alikuwa miongoni mwa madaktari wa kwanza kufika Yambuku, ndiye aliyekabidhiwa mapambano hayo Julai ya mwaka ule. Lakini picha ninayoishika kutoka miaka ile si ya profesa. Ni ya Beni, karibu na kituo cha matibabu, ambako palifunguliwa nyumba ya watoto wachanga walioachwa na mama waliokuwa ndani wakiugua au waliokwisha kufa. Mtoto wa namna hiyo alipaswa kuangaliwa siku 21 kabla ya kujulikana kama ana ugonjwa. Nani ambebe siku zote hizo? Daktari angeweza kumgusa kwa glavu tu, akiwa ndani ya vazi linalomfunika uso, saa moja joto limemshinda, anatoka. Waliombeba ni waliougua wakapona. Miili yao ilikuwa imekwisha kuujua ugonjwa, haukuwaogopesha tena. Walikaa na watoto wale bila lile vazi zito, usiku na mchana, wakawalisha, wakawaogesha, wakawaimbia, na miongoni mwao walikuwemo waliofiwa na watu wao wenyewe. Methali ya zimwi likujualo ilipata pale maana ambayo sikuwa nimewahi kuisikia kwa wazee.

Nilimpelekea mama wa Yahuma habari hizo za Beni. Aliuliza jambo la kazi, kama ilivyo desturi yake: kama kulikuwa na mawese kule. Nikamwambia Beni ina michikichi yake. "Haya," akasema, akaendelea kuchambua sombe.

Nataka basi niseme na wewe msomaji, hasa ukiwa mwanamume, ukiwa mchungaji wa kanisa, ukiwa mkubwa wa ukoo ambaye neno lako hufunga kikao. Mimba ya binti yako ikienda vibaya, mtafutie damu, pikipiki na mahali pa kulala karibu na hospitali, na maneno yaweke baadaye. Akitoa mimba zabibu, msindikize kwenye vipimo hadi daktari aseme basi. Mtoto akizaliwa na alama, aingie katika mikono ya bibi yake kwanza, kabla hajaingia katika midomo ya watu. Na kama huoni sababu nyingine, iko hii: Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Februari 18, 2006, katika ibara ya 41, inakataza kumtuhumu mtoto uchawi, na Sheria namba 09/001 ya Januari 10, 2009 inamwadhibu anayefanya hivyo. Sheria hiyo inafika hadi Yahuma.